URAIBU WA PWANI: TOKA TAMBUU YA BARAZANI HADI UNGA WA VICHOCHORONI

Zamani neno uraibu, ambalo wengine hulitamka urahibu, halikuwa neno la kumtia mzazi hofu. Maana yake ilikuwa tambuu na vikolezo vyake: jani la mtambuu, popoo iliyokatwakatwa, chokaa kidogo, katu na pengine kipande cha tumbaku. Mgeni alipobisha hodi na kukaribishwa, aliletewa uraibu kama vile alivyoletewa kahawa, na arusi haikuwa arusi pasipo tambuu kupita mikononi mwa wageni. Ulikuwa na adabu zake, wakati wake na watu wake. Kijana hakuthubutu kutafuna mbele ya wazee.

Leo neno hilo hilo limehama makao yake. Ukimsikia mama wa Majengo, wa Shela au wa Old Town akisema, "Mwanangu ameingia katika uraibu," hapana anayefikiri habari ya tambuu. Kila mtu hujua kwamba mtoto wa watu ameshikwa na kitu, na kwamba nyumba hiyo haina amani tena. Vyombo vya jikoni vimeanza kupotea, simu ya babake imeuzwa, na majirani wanapopita huteremsha sauti zao.

Ni jambo la kusikitisha kuwa ijapokuwa kila mtu wa Pwani anajua vitu hivi ni haramu au ni vibaya, wachache mno wanajua vinafanya kazi gani ndani ya mwili wa binadamu. Tumefundishwa kuvichukia, lakini hatukufundishwa kuvitambua. Matokeo yake ni kwamba mzazi humpiga mwanawe kwa ugonjwa, humwombea kwa sumu, na mara nyingine humfungia chumbani kwa nia njema kabisa kisha akamzika wiki mbili baadaye. Kwa hivyo, msomaji, hebu tuvitazame vitu hivi kimoja kimoja, tuone kila kimoja hupitia mlango gani na hubomoa kitu gani.

AKILI NI AMANA

Wanavyuoni wa Kiislamu, miongoni mwao Imamu Ghazali, walitaja mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Mtu akitazama vizuri ataona kwamba ulevi ni adui wa yote matano kwa pamoja, lakini mlango anaoingilia ni mmoja, nao ni akili. Akiisha kuupata huo, mengine hujifungua yenyewe.

Wala mjadala juu ya vitu vinavyogusa akili si wa leo. Mwaka 1511 kahawa yenyewe, hii tunayoinywa barazani kwa tende na kashata, ilipigwa marufuku mjini Makka na Khair Beg, aliyekuwa mkuu wa huko, baada ya kuwakusanya wanavyuoni na matabibu. Marufuku hiyo haikudumu. Katika karne hiyo hiyo ya 16, Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii aliyeishi Makka, aliandika risala juu ya mirungi. Aliwasikiliza waliokuwa wakiitumia, akaona maneno yao yanapingana: huyu asema inampa nguvu za ibada, yule asema inamwondolea akili na afya. Kwa kuwa ushahidi uligongana, hakukata hukumu ya moja kwa moja, bali alishauri mtu ajiepushe nayo.

Njia hiyo ya kuuliza kwanza kitu kinafanya nini ndiyo tutakayoifuata hapa.

MAKUNDI MATATU

Madaktari huyagawa madawa ya kulevya katika makundi makubwa matatu. Kuna yale yanayochangamsha, ambayo huukimbiza moyo na kuuondoa usingizi. Humo mna mirungi, tumbaku na kokeni. Kuna yale yanayolegeza, ambayo hupunguza kasi ya ubongo, ya moyo na ya pumzi. Humo mna pombe, tembe za usingizi, gundi wanayonusa watoto wa mitaani, afyuni na heroini. Tena kuna yale yanayogeuza hisia, mtu akasikia lisilosemwa na kuona lisilokuwapo. Bangi husimama katikati, maana hulegeza na hugeuza hisia kwa wakati mmoja.

Ijapokuwa makundi ni matatu, mtego wake ni mmoja. Ndani ya ubongo mna kemikali inayoitwa dopamini. Mwili huitoa kwa kiasi kila mtu anapofanya jambo la kumfaa: anapokula akiwa na njaa, anapokunywa maji baada ya kiu, anapomkumbatia mwanawe. Ni kama zawadi ndogo ya kumwambia, "Fanya tena." Madawa ya kulevya huifungulia kemikali hii kama mtu aliyevunja mfereji. Ubongo ukiona mafuriko hayo kila siku hujikinga kwa kupunguza masikio yake, mfano wa mtu anayeishi karibu na kinu ambaye hatimaye haisikii tena kelele yake. Hapo ndipo kiasi cha jana hakimtoshi mtu leo. Isitoshe, chakula hakina ladha, mke hana haiba, mtoto hampendezi, na sala huwa mzigo. Mtu hatumii tena ili afurahi, bali hutumia ili awe kama watu wengine.

TAMBUU NA TUMBAKU

Tuanze na wazee wetu, kwa heshima zao. Tambuu inaonekana ndogo mbele ya mambo mengine, lakini popoo ndani yake mna dawa inayochangamsha mishipa ya fahamu na kumzoesha mtu. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza mwaka 1985 kwamba tambuu iliyotiwa tumbaku huleta saratani, na takriban miaka ishirini baadaye wakaongeza kwamba hata popoo peke yake huileta. Watafunaji wa miaka mingi wengine hupatwa na maradhi ya ngozi ya ndani ya mdomo kukakamaa hata kinywa kisifunguke vizuri. Mzee huanza kwa kushindwa kula pilipili, kisha kushindwa kupiga mwayo, na mwisho kijiko hakiingii. Kidonda cheupe au chekundu mdomoni kisichopona kwa wiki tatu si cha kusukutua kwa chumvi. Ni cha kuonyesha daktari.

Siku hizi pametokea jamaa mpya wa tambuu, nazo ni pakiti ndogo za rangi ya kuvutia zitokazo Bara Hindi, zenye harufu ya kupendeza. Vijana huambiwa ni kitu cha kuburudisha kinywa, kumbe nyingi ni tumbaku tupu, wakati mwingine pamoja na popoo. Nikotini ya tumbaku, mtu anapoivuta, hufika ubongoni kabla nusu dakika haijapita, na ni wachache kati ya madawa yote wanaoshinda kwa kumshika mtu. Hubana mishipa ya damu, hupandisha presha, na moshi wake huchoma mapafu. Na wale wanaodhani shisha ni salama kwa sababu moshi umepita majini wajue kwamba maji huupoza moshi, hayausafishi. Kikao cha saa moja cha shisha humpa mtu moshi mwingi kuliko sigara moja, mara nyingi kupita kiasi.

MIRUNGI NA MUGUKA

Mirungi, au miraa, hutoka sehemu za Nyambene katika Meru. Muguka hutoka hasa Mbeere katika Embu. Mti ni wa jamii moja, tofauti ni kwamba mirungi hutafunwa vijiti na maganda yake, na muguka hutafunwa majani, pamoja na njugu au chingamu ili kupunguza ukali. Ndani yake mna kemikali iitwayo kathinoni, ambayo huoza upesi. Baada ya siku mbili hivi nguvu yake imekwisha. Ndiyo sababu mirungi hufungwa katika majani ya mgomba, na magari yake hukimbia barabarani kama yanayokimbiza roho ya mgonjwa.

Kathinoni ikiingia mwilini, moyo huenda mbio, presha hupanda, njaa hutoweka na maneno huwa mengi. Wenyewe huiita hali hiyo handasi. Barazani hapo hujengwa nyumba za ghorofa, hununuliwa meli na huongozwa nchi, yote kabla ya alfajiri. Lakini ubongo umekopa nguvu za kesho. Ikifika asubuhi deni hudaiwa: mtu ni mzito, hasira karibu, moyo umezama, na kazini haendi. Wengine hutafuna usiku mzima wa Ramadhani mpaka daku, kisha hulala adhuhuri ikawapita, na funga yao ikawa ni ya kulala.

Kwa mwili, mirungi hufunga choo, huunguza tumbo, huharibu meno na fizi, na kwa mwenye maradhi ya moyo yaweza kumwua. Mama mjamzito anayeitafuna yumo hatarini kuzaa mtoto mdogo wa uzito, na sehemu ya dawa hiyo hupita katika maziwa yake. Kwa wachache, hasa wanaotafuna siku nyingi pasipo kulala, huleta wazimu wa kushuku kila mtu: mke ana mwengine, jirani amemroga, nduguye anataka kumwua.

Juu ya hayo pana mzozo wa riziki. Mwezi wa Mei 2024 Gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka kuingizwa na kuuzwa katika kaunti yake, na kaunti za Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Wakulima wa Embu walilia, na jambo likaenda mahakamani, maana kwa sheria ya Kenya mirungi ni zao la kilimo. Tusiwadharau wakulima wale. Nao wana watoto wa kusomesha. Lakini mtoto wa Likoni anayeacha shule kwa pakiti ya shilingi chache naye ana mzazi.

BANGI

Bangi ni ya zamani katika pwani hizi kuliko wengi wanavyodhani, na jina lake lenyewe lilivuka bahari kutoka upande wa Hindi. Kemikali yake kubwa, inayofupishwa THC, ilitengwa na wanasayansi mwaka 1964. Hupotosha kipimo cha wakati, huvuruga kumbukumbu ya karibu, huongeza mbio za moyo, na huchelewesha mkono na jicho; dereva wa matatu aliyevuta huona breki ipo karibu kumbe gari liko mbali. Kwa kuwa hujihifadhi katika mafuta ya mwili, alama yake huweza kubaki kwa wiki kadha kwa mtu anayevuta kila siku.

Hapana budi kusema kweli: bangi peke yake haimwui mtu kwa kumsimamisha pumzi kama ifanyavyo heroini. Lakini kuna kundi moja ambalo kwalo si mchezo, nalo ni watoto. Ubongo wa binadamu haujakomaa mpaka mtu amepita miaka ishirini na kitu. Kijana anayeanza akiwa na miaka 14 au 15, na kuvuta kila siku, hujiweka karibu zaidi na wazimu, hasa ikiwa katika ukoo wao kuna maradhi hayo. Ni wangapi wamepelekwa kwa waganga kutolewa majini, hali majini yenyewe yalikuwa yakisokotwa nyuma ya skuli? Tena siku hizi bangi hutiwa katika keki na biskuti. Ikiliwa huchukua saa nzima au zaidi kabla ya kufanya kazi, na mtoto akiona hakuna kitu huongeza ya pili na ya tatu, kisha zote humjia kwa pamoja.

POMBE NA TEMBE

Pombe haihitaji maelezo marefu kwa wasomaji wetu, ila mambo mawili. La kwanza ni sumu ya pombe haramu. Wapikaji wengine hutia methanoli, spiriti ya viwandani. Mwili huigeuza ikawa asidi inayokula mshipa wa jicho. Mtu hulala mzima na kuamka kipofu, au haamki. Mnamo Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya namna hiyo. La pili ni kwamba mlevi wa miaka mingi, anayekunywa tangu asubuhi, asiachishwe kwa ghafla nyumbani. Mwili wake waweza kumrudi kwa kifafa na kuweweseka, na akafa. Toba yake ni njema na isicheleweshwe, lakini daktari awe karibu.

Tembe nazo huingia katika nyumba za heshima kwa sababu hazinuki. Valium, Rohypnol na nyingine za jamii hiyo zilitengenezwa kwa wasiopata usingizi na wenye wasiwasi. Mtu akizitumia kwa miezi, mwili husahau namna ya kulala wenyewe. Peke yake hulegeza. Zikichanganywa na pombe au heroini huiua pumzi. Vilevile dawa za kikohozi zenye kodeini na tembe za maumivu kama tramadoli ni jamaa wa afyuni, ingawa chupa yake ina picha nzuri na mwenye duka anatabasamu.

UNGA

Sasa tufike kwenye baba wa misiba. Afyuni ni utomvu wa tunda la mpopi. Kiswahili kina neno jingine kwa kitu hicho, nalo ni kasumba. Na si ajabu kwamba leo tunasema kasumba kwa fikira iliyomtawala mtu hata asijione ametawaliwa. Kutoka katika afyuni hutolewa mofini, dawa ya maumivu makali ambayo hospitali haziwezi kuikosa. Mwaka 1874 mkemia mmoja wa London, C. R. Alder Wright, aliigeuza mofini akapata kitu kipya, na mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikakiuza kama dawa ya kikohozi kwa jina la Heroin. Walidhani haitamzoesha mtu. Dunia nzima ingali inalipa kosa hilo.

Heroini ilianza kuonekana katika miji ya Pwani ya Kenya katika miaka ya 1980. Mwanzo ilikuwa ya rangi ya kahawia, ikivutwa moshi wake au kuchanganywa na bangi katika sigara. Mwisho wa miaka ya 1990 ikaja nyeupe, inayoyeyuka upesi majini, na hapo sindano zikaingia. Njia yake ni ile ile ya mababu: mashua na majahazi kutoka pwani za Iran na Pakistan, yakibeba mzigo wa Afghanistan, yakiteremka bahari ya Hindi. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini katika jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, Serikali iliilipua baharini meli iliyokamatwa Mombasa na shehena nyingine. Msimu ulioleta tende na mazulia sasa huleta na kete.

Heroini ikiingia mwilini hufika ubongoni kwa sekunde chache na kugeuka mofini tena. Maumivu yote hukoma, ya mwili na ya moyo, na hilo ndilo linalomvuta kijana asiye na kazi wala tamaa ya kesho. Mboni za macho huwa ndogo kama tundu la sindano, choo hufunga, kichwa huinama kwa usingizi wa kusimama. Lakini kazi yake ya hatari ni moja: hukiambia kituo cha pumzi katika ubongo kipunguze kasi. Kiasi kikizidi, kituo husahau kabisa. Mtu hafi kwa moyo kupasuka, hufa kwa kusahau kuvuta pumzi.

AROSTO SI UKAIDI

Mwili uliozoea heroini ukikosa kwa saa nane au kumi na mbili huanza kupiga kelele. Pua na macho hutoka maji, mtu hupiga miayo mfululizo, ngozi husisimka kama ya kuku aliyenyonyolewa, mifupa huuma, tumbo hukata, kuhara na kutapika hufuata. Hii ndiyo arosto. Hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na baada ya wiki moja hivi mwili hutulia. Mzazi anayemwona mwanawe akigaagaa asidhani ni maigizo. Wala si jini. Ni mwili unaodai kitu ulichofundishwa kukitegemea.

Na hapa pana kosa linaloua wengi. Familia humfungia kijana, au polisi humweka ndani, wiki tatu au mwezi. Arosto huisha, hunenepa kidogo, hurudi msikitini, kila mtu akafurahi. Lakini ile kiu ya ubongo haijaisha, na mwili umepoteza uzoefu wake. Siku atakayokutana na rafiki wa zamani kichochoroni, atatumia kiasi alichokuwa akitumia kabla ya kufungiwa. Kiasi kile kile kilichokuwa hakimtoshi sasa ndicho kitakachomwua. Kwa hivyo siku za mwanzo baada ya kutoka jela au kituoni ndizo siku za hatari kubwa, na ndizo siku za kuwa naye karibu kuliko nyingine zote.

Ukimkuta mtu amezidiwa, midomo imegeuka rangi ya samawati, anakoroma kwa shida au havuti pumzi, usimwache ukaenda kutafuta wa kulaumiwa. Mwite, mtikise. Asipoamka, piga kelele za msaada, mpulizie pumzi kinywani kama unajua, na akianza kupumua mlaze kwa ubavu asije akasongwa na matapishi. Mfikishe hospitali upesi. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudisha kwa dakika chache, na nguvu yake ikipungua anaweza kuzama tena, kwa hivyo asiachiwe kuondoka. Kumwagia maji, kumnywesha maziwa au kumdunga maji ya chumvi ni kupoteza wakati alionao.

Sindano nayo huleta msiba wa pili. Wanaogawana bomba moja hugawana Ukimwi na homa ya ini. Vijana wengi wamekufa kwa maradhi hayo, na wake zao wasiojua lolote wakafuata. Homa ya ini aina ya C siku hizi inatibika kwa tembe za miezi miwili au mitatu, lakini lazima mtu apimwe kwanza, na hapimwi anayefichwa uani.

JE, METHADONI NI KILEO KWA KILEO?

Mwezi wa Desemba 2014 hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianza kuwapa wagonjwa wa heroini dawa ya kunywa iitwayo methadoni. Mwaka 2015 Malindi ikafuata, kisha vituo vikafunguliwa katika sehemu nyingine za Pwani. Dar es Salaam ilikuwa imetangulia, katika hospitali ya Muhimbili, mwaka 2011. Kabla ya hapo Malindi ilikuwa na Omari Project, iliyoanzishwa mwaka 1995 kuwasaidia walioathirika, wakati ambapo miji mingi ilikuwa bado ikikana kwamba ina tatizo.

Methadoni nayo ni ya jamii ya afyuni, na hapo ndipo watu wengi wema husita. Huuliza: je, huku si kumtoa mtu katika shimo moja na kumtia katika jingine? Swali ni la haki, na jibu lake limo katika namna dawa hiyo inavyofanya kazi. Heroini hupanda kwa dakika na kushuka kwa saa. Mtu huzunguka mara tatu au nne kwa siku kutafuta pesa, na pesa hizo hutoka mfukoni mwa mtu mwingine. Methadoni hupanda polepole na kukaa siku nzima. Hunywewa mara moja, mbele ya muuguzi, kwa kipimo. Mtu hapati ule ulevi wa ghafla, wala arosto haimjii. Akili yake hubaki naye, mikono yake hupata kazi, na sindano hana haja nayo. Uzoefu wa nchi nyingi kwa zaidi ya nusu karne umeonyesha kwamba wanaokaa katika matibabu hayo hufa kidogo sana kuliko walioachwa. Haina miujiza: ikichanganywa na pombe au tembe za usingizi ni hatari, na wengine huihitaji kwa miaka. Kuhusu hukumu yake ya sheria tuwaachie wanavyuoni, lakini waiamue baada ya kwenda kituoni na kumtazama mtu yule anayekunywa kikombe kile, na kumuuliza hali ya nyumba yake.

AIBU NA SUBIRA

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi watu wa Pwani tunajali sana sitara, na sitara ni jambo jema. Lakini kuna tofauti baina ya kumsitiri mtu na kumzika hai. Kumsitiri ni kutomtangaza ovyo, kutomwita teja mbele ya wanawe, kutomfukuza katika safu ya msikiti kwa sababu kanzu yake ni chafu. Kumzika hai ni kumficha daktari, kukana mpaka siku ya maiti kuoshwa, kisha kuwaambia watu alikuwa na malaria.

Wazazi wafanye nini? Wazitambue dalili mapema: mboni za macho, usingizi usio na saa, pesa ndogo ndogo kupotea, marafiki wapya wasioingia ndani. Wazungumze na mtoto kabla ya kumpiga, maana aliyepigwa hurudi palipo na wenziwe. Wasimwachishe pombe au tembe kwa ghafla pasipo ushauri wa mganga wa hospitali. Wasidhani kwamba kumwoza mke kutamponya. Mke si dawa, na binti wa watu hana kosa. Na akirudi nyuma baada ya kuacha, wasikate tamaa. Maradhi haya, kama kisukari na presha, hurudi, na wengi waliopona walianguka mara kadha kabla ya kusimama.

Maimamu nao wana mimbari, na mimbari ya Ijumaa husikiwa na watu wengi kuliko daktari yeyote. Wakisema haramu, wamesema kweli. Wakiongeza, "Na aliyeingia, njia ya kutoka ipo, na mlango wake ni huu," watakuwa wameokoa nafsi. Walimu wa madrasa na wa skuli wawaambie watoto mambo yalivyo, bila ya kuyapamba wala kuyatia chumvi, maana mtoto aliyeambiwa kwamba mvuto mmoja wa bangi huua, akamwona mwenzake amevuta na yu hai, hatamwamini mwalimu atakapomwonya juu ya unga.

Bahari haitafungwa, na wafanyabiashara wa sumu hawatakosa mashua. Linalowezekana ni kijana wa Kisauni, wa Malindi au wa Lamu kukijua kitu kabla hakijamjua yeye. Na akiwa kimekwisha kumjua, akute mlango wa nyumbani kwao haujafungwa kwa ndani.